Kupogoa Si Kukata: Kisa cha Mkunazi na Mwiba Wake

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wasomaji, akina mama na akina baba, wiki hii nilikuwa nimeazimia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya haki za jirani. Nilikuwa nimeshafungua vitabu na kupanga maneno, lakini Mwenyezi Mungu akaniletea somo lenyewe mpaka barazani pangu. Lililetwa na mwiba mmoja usiozidi urefu wa ukucha.

Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, walinijia akina mama wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza ni mjane, na uani kwake mna mkunazi mkubwa uliopandwa na marehemu mumewe. Wa pili ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Walikuwa hawajasemezana kwa muda wa wiki tatu, na hata siku hiyo kila mmoja alikaa upande wake wa baraza, akanitazama mimi asimtazame mwenziwe.

Jirani ndiye aliyeanza. Alisema mwanawe wa miaka saba alikuwa akirudi kutoka chuoni, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kimekatika ukanda, akakanyaga mwiba kichochoroni chini ya mkunazi ule. Mwiba ulivunjika ndani. Siku ya pili mguu ukavimba, siku ya tatu mtoto akashikwa na homa, na zahanati wakalazimika kupasua unyayo ili kuutoa usaha pamoja na kipande cha mwiba. Wakamdunga na sindano ya pepopunda. Mtoto alikaa wiki nzima hawezi kusimama. "Maalim," akasema, "mimi sitaki pesa wala sitaki radhi. Nataka mti ule ukatwe, uondoke."

Mwenye mti akainamisha kichwa. Alipokiinua, maneno yake hayakuwa ya kumjibu jirani. Aliniambia mimi: "Maalim, wewe mwenyewe ndiwe uliyetwambia darasani kwamba anayekata mkunazi Mwenyezi Mungu atamwangusha Motoni kwa kichwa chake. Tangu siku ile sijaugusa hata tawi. Mume wangu alikuwa akiupunguza kila mwaka. Alipofariki nikasema, nisije nikamtia makosani kwa mti wake."

Wallahi, nilinyamaza. Nilikumbuka darasa ile. Ilikuwa yapata miaka mitatu nyuma, wakati ulikuwa umetubana, adhana ya magharibi inakaribia, nami nikaitaja hadithi ile na kupita bila ya kuitolea sherehe yake. Sikuongopa, lakini nilitoa nusu ya elimu. Nusu ile ikaenda ikakaa katika nyumba ya mjane, ikaota matawi kwa miaka mitatu, na mwisho wake ikaingia katika unyayo wa mtoto. Wazee wetu walisema, mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Huu uliingia kwa ulimi wangu, basi ni wajibu utoke kwa ulimi na kalamu yangu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Hadithi na maana yake

Hadithi yenyewe imo katika Sunan ya Imamu Abu Daud, katika kitabu cha adabu, na wanavyuoni wana maneno juu ya isnadi zake. Maana yake ni kama alivyoikumbuka mama yule: kuna kamio kali kwa mwenye kuukata mkunazi. Lakini Imamu Abu Daud hakuiacha hivyo. Alipoulizwa maana yake alieleza kwamba inamhusu mtu anayeukata mkunazi ulio jangwani, ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chini yake, akaukata bure kwa dhulma pasina haki yoyote juu yake. Makosa hapo ni kuwanyang'anya viumbe manufaa yao bila sababu.

Katika mlango huohuo imepokewa kwamba Hisham bin Urwa aliulizwa juu ya kukata mkunazi, naye akiwa ameegemea nyumba ya baba yake. Akamwonyesha muulizaji milango ya nyumba ile, akamweleza kwamba mbao zake zilitokana na mikunazi ambayo Urwa mwenyewe alikuwa akiikata katika shamba lake, na kwamba hapana ubaya. Na Urwa ni nani? Ni mtoto wa Zubeir bin al-Awwam na Bibi Asmaa binti Abubakar, mpwa wa Mama wa Waumini Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yao wote. Ni katika mafakihi wakubwa wa Madina. Mtu kama huyo hakuwa akiijua hadithi kisha akaipuuza.

Basi tukifahamu hivyo, tunapata daraja tatu. Ya kwanza ni kuuangamiza bure mti wenye kunufaisha watu, na hilo ndilo lenye kukamiwa. Ya pili ni mwenye mti kuukata mti wake mwenyewe kwa haja, kama alivyofanya Urwa. Ya tatu ni kuupogoa, yaani kupunguza matawi ili mti ubaki, uzae na usidhuru. Hii ya tatu haingii katika kamio hata kidogo, kwa kuwa mwenye kupogoa anauhifadhi mti. Ni kama mtu amkataye mwanawe kucha: hapana asemaye kuwa amemjeruhi.

Haki ya njia na haki ya ukuta

Upande wa pili nao una haki yake, tena kubwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hureira (R.A.) kisa cha mtu aliyekuwa akitembea njiani, akakuta tawi la miba, akaliondoa. Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa tendo hilo, akamsamehe. Tazameni, ndugu zangu: hakujenga msikiti, wala hakuchimba kisima. Aliondoa tawi moja la miba. Na katika hadithi ya matawi ya imani, iliyopokewa na Muslim, la chini kabisa kati ya hayo ni kuondoa udhia njiani. Ikiwa kuuondoa ni imani, je, kuuweka au kuuacha hali unaweza kuuondoa ni nini?

Ama matawi yanayovuka ukuta, mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameyazungumza waziwazi. Anga iliyo juu ya ua wa jirani ni ya jirani. Tawi likiingia humo, ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe. Mwenye mti akikataa, jirani anaweza kulikunja lirudi lilikotoka. Lisipokunjika, anaweza kulikata. Lakini haki hiyo inahusu kile kilichovuka tu. Haimpi jirani ruhusa ya kuutaka mti mzima uliosimama katika ardhi ya mwenyewe. Na kunazi zilizo kwenye tawi hilo zinabaki kuwa mali ya mwenye mti, hata kama zinaning'inia juu ya sufuria ya jirani.

Kwa hiyo kila mmoja wa mama zangu wale alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa ameipitisha mpaka. Mmoja alitaka mti ufe kwa kosa la matawi. Mwengine aliyaacha matawi yadhuru kwa hofu ya kuua mti. Suluhu ilikuwa katikati, kwenye makali ya mkasi.

Kwa nini mkunazi hutaka kupogolewa

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo katika fikihi niingie shambani, kwani babu yangu alinifunza yote mawili.

Mkunazi una tabia yake. Hautoi maua wala matunda kwenye matawi makongwe. Huzaa kwenye machipukizi mapya, pale kila jani linapoungana na kijiti. Mti usiopogolewa huendelea kurefusha matawi yaleyale, yakapinda mpaka chini, yakafumana kama nywele zisizochanwa. Ndani huwa giza, vijiti hukauka, na kunazi huwa ndogo na zote ziko ncha za mbali zisizofikiwa na mkono. Vijiti vile vikavu ndivyo vinavyoanguka na miba yake kila upepo ukivuma. Mti wa mjane yule ulikuwa umefika hapo hasa.

Mwiba wake nao una hila. Mara nyingi penye kila jani mna miba miwili: mmoja umenyooka, na mwengine umepinda kama ndoana. Ulionyooka huchoma, uliopinda hushika. Ndiyo maana mtu akinaswa na mkunazi, kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidi kushikwa. Dawa yake ni kurudi nyuma taratibu kule ulikotoka. Hilo nalo ni funzo kwa wagombanao.

Wakati wake ni huu

Wakati ulio bora wa kupogoa ni baada ya kunazi kwisha, katika jua kali la kaskazi, kabla ya mvua za mwaka kuanza. Kwa wakati huo mti umechoka na kuzaa, majani yake hupukutika, na kana kwamba umelala. Ukikatwa, kidonda hukauka upesi kwa jua, na ukungu hauingii kwa urahisi. Kisha mvua zikianza, machipukizi mapya hutoka kwa nguvu, na hayo ndiyo yatakayobeba kunazi za msimu ujao. Anayepogoa wakati mti umejaa maua anayakata matunda yake kwa mikono yake. Mitaa haifanani, basi usiitazame kalenda ya ukutani. Utazame mti wako. Ukiona matunda yamekwisha na majani yanaanguka, saa imefika.

Namna ya kuifanya

Kwanza jikinge. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito, glavu za ngozi, viatu vya soli nene na miwani ya kukinga macho, kwani tawi la mkunazi likikatwa hurudi kwa kishindo. Watoto wawe mbali. Tafuta mkasi wa miti kwa vijiti, msumeno kwa matawi manene, na upembo wa kuvutia yaliyo juu. Panga si chombo cha kazi hii. Hupasua tawi na kuacha kidonda kibovu.

Pili, kabla ya kukata chochote, zunguka mti uutazame. Tafuta viota na mizinga ya nyuki. Abu Daud amepokea kwamba masahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha warudishiwe. Tawi lenye kiota liache mpaka makinda yaruke.

Tatu, anza kwa yaliyokufa, kisha yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana au kupita ndani kwa ndani. Mengi utayamaliza hapo. Halafu ondoa yanayoning'inia juu ya njia na juu ya ukuta wa jirani. Mwisho, matawi yaliyozaa msimu uliopita yapunguze kiasi cha nusu ya urefu wake. Kila mkato uwe juu kidogo ya kichipukizi kinachoelekea nje, na uwe wa mshazari, ili mti upanuke na ndani mwake muingie hewa na mwanga.

Nne, tawi nene usilikate kwa mkupuo mmoja kutoka juu. Litaanguka kabla halijakatika na kulichuna gome la shina. Likate kidogo kwa chini kwanza, kisha kata kwa juu mbele kidogo ya hapo, likiisha kuanguka ndipo umalizie kisiki kilichobaki karibu na shina, bila ya kulijeruhi shina lenyewe. Mti uliotelekezwa miaka mingi usiuvue nguo zote siku moja. Ugawe katika misimu miwili.

Mti mchanga nao una malezi yake. Samaki mkunje angali mbichi. Uache uwe na shina moja mpaka kimo cha kiuno cha mtu mzima, kisha chagua matawi matatu au manne yanayoelekea pande mbalimbali, yawe ndiyo nguzo zake. Kama ni mche uliounganishwa, kila kinachochipuka chini ya kiungo kikate, kwa sababu ni cha mti wa mwitu: miba mingi na kunazi kali.

Kazi ikiisha, usitupe miba njiani ukaondoa udhia juu ukauweka chini. Majani mbuzi huyapenda, na matawi yenyewe ni uzio mzuri wa banda la kuku au kitalu cha mboga. Usiyachome moto wakati jirani ameanika nguo. Fagia kichochoro siku hiyo, kisha urudi ufagie tena kesho yake, kwani majani yakishakauka ndipo miba iliyojificha huonekana. Okota pia kunazi zilizooza chini uzifukie, kwani humo ndimo funza wanamozaliana. Mvua zikianza, mti wako utie samadi, si kwenye shina bali pale kinapoishia kivuli chake.

Na mtu akichomwa? Osha kwa maji na sabuni, toa mwiba kwa kibano safi. Usipake udongo, kinyesi cha mnyama wala majivu. Mwiba ukiwa umeingia ndani sana, umevunjika, au mahali pamevimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uulize juu ya chanjo ya pepopunda. Kungoja siku tatu, kama ilivyokuwa kwa mtoto yule, ni kumtia mtoto hatarini.

Majani yasitupwe

Akina mama, hapa nina neno nanyi hasa. Alipofariki binti yake Mtume (S.A.W.), Bibi Zainab, Mtume aliwaelekeza wanawake waliomwosha, miongoni mwao Ummu Atiyya (R.A.), wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Bukhari na Muslim wamelipokea. Elimu hii ya kuosha maiti imetufikia kwa ulimi wa mwanamke, na kazi yenyewe kwa wanawake wenzenu ni amana yenu.

Majani ya mkunazi yakipondwa na kuvurugwa majini hutoa povu kama sabuni na kuondoa taka. Katika madhehebu yetu, osho la majani ya mkunazi huja kwanza, kisha maiti husuuzwa yakaondoka yote, kisha humiminiwa maji matupu yaliyotiwa kafuri kidogo. Osho lenye kuhesabiwa ni la maji yasiyobadilishwa na mkunazi. Aliyekufa katika ihramu huoshwa kwa maji na mkunazi pia, ila yeye hatiwi kafuri wala manukato. Yasipopatikana majani, sabuni yatosha. Ni sunna na si sharti. Wataalamu wa mimea husema kuwa mkunazi wa Bara Arabu na huu wa kwetu si aina moja, bali ni ndugu wa ukoo mmoja. Wazee wetu wa pwani tangu hapo wametumia huu tulionao.

Basi mnapopogoa, yapukuteni majani mabichi, yaanikeni kivulini mpaka yakauke, yatwangeni na kuyachunga, mtie katika chupa yenye kifuniko. Mauti hayapigi hodi. Ni mara ngapi tumemwona kijana akitumwa na tochi usiku wa manane kutafuta mkunazi mtaa wa tatu, na maiti amelazwa anangoja?

Mwisho wa kisa

Niliwaeleza mama zangu haya yote, nikaanza kwa kumwomba radhi mwenye mti mbele ya mwenziwe. Nilimwambia kosa la miaka mitatu ni langu kabla ya kuwa lake. Alilia. Akasema hakuwa akiulilia mti, bali mumewe aliupanda mwaka waliooana, na kila akisikia "ukatwe" husikia kama anaambiwa amzike mara ya pili.

Nikamkumbusha hadithi ya Anas (R.A.) kwamba Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Sadaka ya mumewe inaendelea kila kunazi inapoliwa na mtoto anayetoka chuoni. Lakini sadaka hiyohiyo isimchome mtoto yuleyule. Kuupogoa ni kuisafisha sadaka ya marehemu.

Jirani alikuwa kimya. Kisha akasema, bila ya kuulizwa na mtu, kwamba mama yake mzazi alipofariki, majani yaliyomwosha yalichumwa kwenye mti ule ule, na mume wa mjane ndiye aliyepanda kuyachuma, usiku, kwa mwanga wa taa. "Nilisahau," akasema. "Uchungu wa mtoto ulinisahaulisha." Mwenye mti akamwomba ampokee gharama za zahanati. Jirani akakataa pesa, akapokea mkono.

Jumamosi iliyofuata, tangu alfajiri, kazi ilifanywa. Kijana wa mjane alishika msumeno, mume wa jirani alishika upembo. Tawi moja lilikutwa na kiota, likaachwa. Mimi nilipewa ufagio, na nadhani nilistahiki. Mtoto mwenyewe, mguu umefungwa kitambaa, alikaa barazani na kopo la kunazi za mwisho wa msimu, akihesabu miba mikubwa tuliyoiokota. Alifika mia moja na kitu akachoka.

Mti sasa umebaki mashina na vijiti, na wapitao husema umeuliwa. Wangoje mvua.

Ndugu zangu, katika Sura ya al-Waqia Mwenyezi Mungu ameitaja mikunazi ya Peponi, na wafasiri wakasema ni isiyo na miba, au ni iliyoelemewa na matunda. Hapa duniani kunazi na mwiba hukaa tawi moja, na hivyo ndivyo walivyo pia watu: jirani, mume, mke, mtoto, hata sheikh. Hatukuamrishwa kuwakata kwa ajili ya miba yao, wala kuiacha miba ichome watu. Tumeamrishwa kutengeneza. Na wewe msomaji, ikiwa uani mwako mna tawi lililovuka ukuta, usingoje jirani abishe hodi. Anza wewe, kabla ya mvua.

Nami namwomba radhi kila aliyeisikia darasa ile ya nusu kutoka kwangu. Aliyeisikia na amfikishie mwenziwe nusu iliyobaki.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.